Mbwa Uani, Madrasa Barazani

Mama yangu alishuka kwenye basi la Magu na sanduku la bati, kuku wawili waliofungwa miguu, na mbwa. Kuku nilikuwa nimewategemea.

Mbwa alikuwa wa marehemu baba. Utingo alikataa kumpakia, mama akamjibu kwamba mbwa akibaki na yeye anabaki. Kwa kuwa alilisema hilo akiwa ameketi kwenye ngazi ya basi, na hakuna aliyeweza kupanda wala kushuka, mbwa akapandishwa kwenye keria juu ya magunia ya mpunga. Alikuja hivyo mpaka Mwanza, akimbwekea kila mtu waliyempita barabarani. Ningekuwa na akili ningelichukua hilo kuwa onyo. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne, nilikuwa mwalimu wa shule ya kati, nilikuwa na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na mtu wa namna hiyo haonywi na mbwa.

Jina lake sitalitaja. Baba alimpa jina la jirani mmoja ambaye hawakupatana juu ya mpaka wa shamba, na watoto wa jirani huyo wako hai na wanajua kusoma. Itoshe kusema alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, mbavu zinahesabika, sikio moja limekatika ncha, wa aina ile unayoiona nyuma ya kila kundi la ng'ombe Usukumani.

Huo ulikuwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili katika nyumba moja nyuma ya soko, mahali ambapo mawe makubwa yalikuwa yamekaa kati ya nyumba kama wapangaji waliotangulia. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, Mwislamu, baba yake Mmanyema na mama yake Mkerewe. Alirithi kwa baba yake nyumba hiyo na elimu ya Kurani, na kila alasiri, isipokuwa Alhamisi na Ijumaa, watoto ishirini na kitu wa mtaa ule walikaa kwenye mikeka barazani kwake wakasoma kwa pamoja, kwa sauti. Wanawake wenye madrasa yao hawakuwa wengi mjini, na walikuwapo wanaume waliokaa mkao wa kungoja kuona huyu ataishia wapi. Yeye alilijua hilo. Mimi aliniita "mwalimu wa serikali", ili isije ikasahaulika kwamba nyumba ile ilikuwa na mwalimu mwingine.

Sikumwambia mapema habari za mbwa kwa sababu sikuzijua. Nilisimama uani, sanduku kichwani, nikawaacha wanawake hao wawili waamkiane.

"Shikamoo, dada," mama akasema.

"Marahaba. Karibu mjini, pole na safari." Macho ya bibi yalikuwa yameshashuka chini. "Na huyo?"

"Ni wa marehemu."

"Marehemu alikuachia mbwa?"

"Na huyu mwalimu. Ila mbwa ndiye anayenisikiliza."

Bibi alicheka, nami nikadhani mambo yamekwisha. Kisha akanigeukia. "Mwalimu wa serikali, sikiliza. Pua ya huyo ikigusa nguo yangu, nitaifua mara saba, na mara moja kwa udongo. Udongo utauchimba wewe."

Hilo lilikuwa jambo dogo, na mbwa mwenyewe alilielewa upesi kuliko mimi. Alichagua kona yake karibu na jiko, hakuisogelea kanga ya bibi hata siku moja. Tabu ilikuwa kwingine. Alasiri ya kesho yake watoto walikaa, bibi akawapa ishara, wakafungua vinywa. Mbwa naye akafungua chake. Alibweka kwa nguvu zake zote, kichwa juu, miguu ya mbele imekazwa. Bibi aliwanyamazisha watoto, na mbwa akanyamaza. Watoto walipoanza tena, naye akaanza tena. Mara ya tatu hakuna aliyesoma; walikuwa wamelala kwenye mikeka wanajishika mbavu.

Hali iliendelea hivyo kwa siku nne za masomo. Siku ya tano bibi aliniita barazani baada ya watoto kuondoka. Hakupandisha sauti, na ndipo nilipojua amekasirika kweli.

"Unamjua yule binti wa fundi viatu?"

Nilimjua. Msichana mwembamba, wa kama miaka kumi na mitatu.

"Anahitimu. Baada ya wiki nne. Ni wa kwanza kuimaliza Kurani mikononi mwangu. Nimewaalika masheikh, wazazi, watu wa Kirumba, watu wa wapi. Wengine watakuja kufurahi, wengine watakuja kutazama." Alikunja mkeka mmoja, akauweka kando. "Mpaka siku hiyo, huyo mbwa anyamaze au aondoke. Wewe sikufukuzi. Mama yako simfukuzi, mama yako ni mtu mzuri. Namfukuza yeye."

Nilipomfikishia mama maneno hayo aliendelea kuchambua mchele. "Akienda, naenda naye," akasema.

Hapo lazima nieleze kwa nini sikuweza kuyachukua maneno hayo kama ukaidi wa mjane. Mama alikuwa na goti bovu. Mwaka ule ule, kule nyumbani, alianguka njiani akitoka kisimani, peke yake, jua likiwa linapanda, akashindwa kuinuka. Mbwa alisimama juu yake akabweka mpaka mtu mmoja aliyekuwa akipalilia pamba upande wa pili wa mbuga akaacha jembe akaja kuona kuna nini. Ilimchukua mtu huyo muda mrefu kuja, na muda wote huo mbwa hakunyamaza. Ndiyo maana nilimsihi mama ahamie kwangu, karibu na hospitali. Akirudi Magu angerudi kwenye nyumba isiyo na mtu, kwenye njia ile ile ya kisimani. Na mimi nilikuwa nikimwambia aachane na mdomo uliomwokoa.

Basi nikaamua kumnyamazisha mbwa kwa elimu.

Chuo cha ualimu walitusomesha kitabu cha saikolojia kilichokuwa na sura nzima juu ya mbwa na kengele. Katika mtihani wa sura ile nilipata alama nzuri sana. Nikaazima kengele ya mkono ya shuleni, ile ya zamani iliyochakaa mpini, nikanunua dagaa wakavu kopo moja, nikakaa kwenye kigoda uani. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: mbwa akinyamaza tu, napiga kengele, namrushia dagaa. Atajua kwamba kunyamaza kuna faida.

Alijua. Siku ya tatu alikuwa amejua vizuri sana. Alibweka, akanyamaza, akanitazama. Nikapiga kengele, nikampa dagaa. Akabweka mara mbili, akanyamaza, akanitazama. Alikuwa amegundua kwamba dagaa hupatikana kwa kunyamaza, na kwamba mtu hawezi kunyamaza kabla hajabweka. Kufika mwisho wa wiki alikuwa akibweka hata asubuhi, wakati barazani hakuna mtoto hata mmoja, ili awe na kitu cha kukiacha.

"Mwalimu wa serikali," bibi akaniambia akipita na ndoo, "nilikuomba umpunguze. Wewe umempandisha darasa."

Upande wa pili wa barabara alikuwapo fundi baiskeli, Mjita, mtu wa maneno, ambaye karakana yake ilikuwa kivuli cha jiwe moja kubwa. Shida yangu ilimpa burudani ya mwezi mzima. Siku moja alivuka na kipande cha mpira wa tyubu mkononi.

"Mwalimu, mbona unateseka hivyo? Mfunge mdomo na hiki, mara mbili, mara tatu, kwisha habari."

Mama alikuwa ameketi mlangoni. "Lete," akasema, "lakini kwanza tuufunge wako, tuone kama mpira una nguvu."

"Ah, mama! Basi mpelekeni Kigongo, mumpandishe kivuko, mmwache Busisi. Akirudi kwa kuogelea, huyo tena si mbwa, huyo nahodha."

"Na wewe tukupeleke wapi? Maana unabweka kuliko yeye."

Siku hizo magari ya chama yalikuwa yakipita mitaani na vipaza sauti, watu wakikimbia nyuma yake, wengine wakiimba, na mbwa wetu hakuliacha hata moja lipite bila neno. Fundi baiskeli alikuwa akipiga kelele toka kwenye jiwe lake, "Huyo mbwa hautaki Uhuru! Mwambieni Waingereza wanaondoka, apumzike!"

"Anautaka sana," mama akamjibu. "Husikii anavyouitikia?"

Nililicheka neno hilo pamoja na wengine, nikarudi kwenye kigoda changu na kengele yangu. Lingekuwa limeandikwa kitabuni ningelipigia mstari.

Wiki ya tatu ilipofika nilikuwa nimekwisha. Nilikuwa nasomea mtihani wa kuingia chuo kikuu, na nilikuwa siwezi kusoma. Watoto walikuwa hawawezi kusoma. Yule binti wa fundi viatu alikuwa akienda nyuma ya nyumba ya jirani, akiziba masikio, kurudia sura zake za mwisho. Shuleni mwalimu mwenzangu aliniambia habari za mfuga ng'ombe mmoja wa Nyegezi aliyekuwa akitafuta mbwa. Nikakubaliana na mfugaji huyo nimpelekee wetu. Nyegezi wakati ule ilikuwa mashamba na malisho, ng'ombe wengi, nafasi ya kutosha. Nilijiambia kwamba hata mbwa mwenyewe angeniombea dua.

Jumamosi asubuhi nilichukua kamba nikaingia chumbani kwa mama kumwambia. Alikuwa ameketi kitandani, sanduku la bati liko wazi mbele yake, anakunja kanga zake moja moja.

"Mama, unafanya nini?"

"Si unampeleka Nyegezi? Fundi baiskeli amenipa habari zote."

"Nyegezi si mbali. Utakuwa ukimtembelea."

Alinyoosha mguu wake mbovu, akautazama, akanitazama.

Nilikaa juu ya ukingo wa sanduku. Nilikuwa sina hoja tena, wala kitabu, na nadhani ni kwa uchovu tu nilisema lile ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelisema siku ya kwanza.

"Mama, baba alikuwa akimnyamazishaje?"

Kanga ikasimama mikononi mwake. "Wiki tatu," akasema. "Nimengoja wiki tatu uniulize hilo."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na kengele. Nikadhani unajua unachokifanya. Umesoma."

Hakulisema kwa kejeli, na hapo ndipo liliponichoma.

"Huyu hawabwekei wale watoto," akaendelea. "Anawaitikia. Sauti nyingi zikipanda pamoja, kwetu ni nini?"

"Ni mwano," nikasema.

Mwano ni yowe la hatari. Kwetu likipigwa mahali, labda kwa fisi, labda kwa wezi wa ng'ombe, kila anayelisikia hulipokea na kulipeleka mbele kwa sauti yake mwenyewe, mpaka kijiji kizima kimesimama. Aliyelisikia akakaa kimya huulizwa kesho yake, mbele za watu, alikuwa na maana gani. Nilikua nalo. Mbwa naye alikua nalo.

"Kila alasiri," mama akasema, "anasikia mwano wa watoto ishirini. Anaupokea, kama alivyofundishwa. Bibi naye anapiga kelele. Wewe unapiga kelele na kengele juu. Yule wa baiskeli anapiga kelele toka kwenye jiwe. Ungekuwa wewe ndiwe mbwa, ungesema mambo yamepoa?"

"Na baba?"

"Baba yako hakumkemea hata siku moja. Alitoka, akasimama karibu naye, akatazama kule anakotazama yeye. Akishaona, anamwambia polepole, 'Basi, tumeona.' Anageuka anarudi zake. Mbwa anamfuata."

"Na kama hakuacha?"

"Mara mbili tatu za mwisho alimwachia. Hata wewe ukizuiwa kusema humalizii sentensi?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemwona baba akifanya hivyo asubuhi nyingi zisizo na hesabu, amesimama kwenye lango la zizi na mbwa miguuni, wote wawili wanatazama upande mmoja. Miaka yote niliamini alikuwa akiangalia kama mvua inakuja.

Nikasimama. "Basi leo nitamwambia mimi."

"Wewe? Yowe halitoki kwako. Linatoka barazani. Mwenye baraza ndiye wa kusema yamekwisha." Akafunga sanduku, akanishika bega akainuka. "Nipeleke kwake."

Bibi alikuwa akipepeta dengu. Mama alimwamkia, akaketi kwenye kigoda, akapumzisha mguu.

"Dada, nina ombi."

"Kama ni la mbwa, jibu lake nilishalitoa."

"Ni la mbwa. Nataka uzungumze naye."

Bibi aliweka ungo chini. "Mwalimu wa serikali, mama yako hajambo?"

Mama akamweleza yote: mwano, zizi, kisima, yule mtu aliyeacha jembe. Habari ya kisima bibi alikuwa hajawahi kuisikia. Alisikiliza huku akiviringisha dengu moja kati ya vidole.

"Maneno gani hayo niyaseme?"

"Mawili matatu. Mwambie umesikia, na si hatari."

"Watu wataniona nazungumza na mbwa."

"Watamwona amenyamaza."

"Ataniletea pua."

"Nitamshika kamba mwenyewe. Utasimama hatua tatu."

"Nne."

"Nne, dada."

Alasiri ile watoto walianza, mbwa akaanza. Bibi akatoka barazani akapita ndani, akatokea mlango wa uani, akahesabu hatua zake, akasimama. Alitazama kulia na kushoto kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Kisha akamwambia mbwa, kwa ile sauti yake ya chini iliyonitisha mimi siku ile: "Nimesikia. Ni wanafunzi wangu. Basi." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Mimi ndiye mwalimu wao."

Mbwa alimtazama. Akabweka mara mbili, za kumalizia. Akakaa.

Nisiseme uongo kwamba palepale alikuwa amepona. Siku ile ukimya ulidumu muda wa kuchemsha chai, na bibi alitoka tena mara nne. Lakini mama sasa alikuwa ameulizwa, na mama akiulizwa hakomi. Kengele aliitia kwenye kikapu akanirudishia mikononi. Mimi nilipewa kazi ya miguu: kila siku nikitoka shuleni, kabla ya watoto kuja, nimtembeze mbwa mpaka ziwani na kumrudisha, kwa mwendo mkali, kwa sababu mbwa wa ng'ombe aliyekaa kutwa uani bila ng'ombe hana mahali pengine pa kumalizia nguvu zake isipokuwa mdomoni. Nilikokotwa kupita magodauni ya pamba mpaka kwenye mawe ya ufukweni walipokuwa wakifua akina mama, nikiwa na tai shingoni, na kina mama hao walikuwa na maoni yao juu ya nani anamtembeza nani.

Kona ya jikoni iliachwa. Mkeka wake wa gunia ukahamishiwa nyuma ya ukuta wa choo, mbali zaidi na baraza, asikoona watoto. Mama alikaa naye pale na dagaa wale wale niliokuwa nimewaharibu kwa sayansi. Aliwagawa kwa namna nyingine. Hakungoja abweke ndipo anyamaze. Alianza kumpa angali kimya, sauti ya kwanza ikisikika tu, dagaa mmoja, na mwingine, na mwingine, akimpapasa mgongo, mpaka mbwa akaanza kuona kwamba watoto wakisoma huwa ni wakati wa kula na kukaa na mama. Akianza kunung'unika, mama hakumtazama wala kusema naye. Mkono wenye dagaa ulijifunga tu, ukafunguka tena akitulia.

Barazani bibi naye alibadili utaratibu. Alianza na watoto wawili, kwa sauti ya chini. Siku ya pili watano. Kisha kumi. Wakajifunza kuipandisha sauti polepole, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Siku moja alinisimamisha mlangoni, uso wake una jambo.

"Miaka tisa nafundisha, nadhani wanasoma wote. Kumbe watatu wanachezesha midomo tu! Kwenye ile kelele nisingewajua mpaka Kiyama."

Kulikuwa na siku ya kurudi nyuma. Fundi baiskeli, aliyeona burudani yake inamponyoka, alipiga ukelele wa "Nyamaza we!" toka upande wa pili mbwa alipotoa sauti moja tu ndogo, na mbwa, kwa kuitikiwa vizuri namna ile, akabweka mpaka watoto wakaagwa. Bibi alivuka barabara bila kuvaa viatu.

"Wewe! Ukimkemea mbwa wangu tena..." Akakatiza. Akajitengeneza mtandio. "Mbwa wa wapangaji wangu," akasema, na kurudi.

Siku ya kuhitimu ilikuwa Jumapili. Ua ulijaa wanawake, baraza ilijaa wanaume, masheikh wawili waliketi kwenye busati, na pilau ya mchele wa Magu, mchango wa mama, ilikuwa imefunikwa mkaa juu. Binti wa fundi viatu alivaa nguo nyeupe mpya. Mama, mimi na mbwa tulikuwa nyuma ya ukuta wa choo, mahali pasipo pa heshima sana, lakini tulikuwa tumepazoea.

Binti alisoma peke yake. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Mbwa alilala, kidevu juu ya mguu wa mama. Kisha wakaingia watoto wote, kwa pamoja, wakipanda polepole kama walivyofundishwa, na mbwa akainua kichwa. Akautazama mlango wa uani ambao bibi alizoea kutokea. Bibi hakutokea, alikuwa mbele ya wageni wake. Mama akamwekea mkono mgongoni. Mbwa akateremsha kichwa chake. Sheikh akaomba dua, watu wakaitikia amina, nami nikapumua.

Ndipo wanawake wakapiga vigelegele.

Nyumba ile ilikuwa na walimu watatu, ukimhesabu mama, na kwa majuma hayo yote hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka vigelegele. Mbwa alikuwa amezoezwa sauti ya watoto wakisoma, basi. Sasa wanawake arobaini walikuwa wamefungua koo kwa mara moja, sauti inayofanana na mwano kuliko sauti nyingine yoyote ninayoijua. Aliruka, kamba ikamtoka mama mkononi, akasimama katikati ya ua akabweka kwa ajili ya Magu nzima.

Vigelegele vikakatika. Toka barazani mwanaume mmoja, wa wale waliokuja kutazama, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe madrasa hii ina mbwa!" Baadhi yao wakacheka. Mama aliinuka kwa kushika ukuta. Hakumwendea mbwa. Aligeuka upande wa chumba chake, nami nilijua anaendea lile sanduku.

Bibi akatokea mlango wa uani. Alikuwa na kanga mpya, na nyuma yake wageni wamejazana mlangoni wakichungulia. Alitembea kati ya wanawake, akamfikia mbwa. Akaupita mpaka wake wa hatua nne, akasimama hatua tatu kutoka kwake.

"Tumesikia," akamwambia. "Ni furaha. Basi."

Mbwa akabweka mara mbili. Akaketi.

"Bibi," yule mwanaume akasema, "unazungumza na mbwa?"

"Nazungumza na kila anayekaa nyumbani mwangu," bibi akajibu bila kumgeukia. "Wewe ni mgeni. Nenda kale pilau."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaanza tena kigelegele, akajishika mdomo, akamtazama mbwa kwa mashaka. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Bibi alimwita kwa mkono. "Njoo upakue, mchele si wako? Mwalimu wa serikali atamshika huyo."

Nikamshika. Pilau yangu niliipata ikiwa imepoa.

Mwaka uliofuata nilifaulu mtihani, nikapanda meli kwenda Uganda, chuo kikuu. Niliposema nitamtafutia mama mahali pengine pa kukaa, wote wawili walinitazama kama mtu aliyezungumza usingizini. Mama alibaki katika vyumba vile. Hakujua kusoma, kwa hiyo barua zangu bibi ndiye aliyemsomea, na majibu bibi ndiye aliyeyaandika, kwa mwandiko uliojifunzia kwenye herufi za Kiarabu, ukiegemea upande usioutegemea. Barua ya kwanza niliyoipata baada ya bendera kubadilishwa nilitaraji itakuwa na habari za sherehe. Ilikuwa na mistari michache. Mguu wa mama una nafuu. Binti wa fundi viatu sasa anawasaidia watoto wadogo. Fundi baiskeli amepata mbwa wake mwenyewe, naye anabweka kutwa, na fundi anamkemea kutwa.

"Tumemwacha kwanza," bibi aliandika. "Mama yako anasema tungoje mpaka aulize."